Mzigo wa Mtu Aendaye Mbali

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka, kwenye bwalo la Shule)



Ningependa kwanza kuishukuru Kamati kwa heshima hii. Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya kazi ya kujitolea katika nchi za nje, kwa kuwa anajua nilikaa miaka miwili Timor ya Mashariki nikiwa mfanyakazi wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa. Ningeweza kuwaeleza mengi juu ya mabomba ya maji, maana hiyo ndiyo kazi yangu, lakini naona harufu ya pilau imekwisha kufika humu ndani na sitaki kushindana nayo. Nimechagua swali moja tu. Kijana mmoja wa Kidato cha Sita aliniuliza mwaka jana, watu wakiwa tayari wanapanda magari: "Mzee, mtu akienda kujitolea ng'ambo, afunge nini kwenye begi ili asije akashindwa na kukumbuka nyumbani?" Hatukupata wakati wa kulizungumza. Leo nataka nimjibu, na wengine wasikie.

Ndugu Mwenyekiti, sisi tuliosoma shule za bweni tulianza kujifunza somo hili mapema. Mimi nilifika hapa mwaka 1978 kutoka Muheza, kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni ya Reli ya Kati na waranti ya Serikali mfukoni. Wakati ule kijana wa pwani alipelekwa bara na kijana wa bara akapelekwa pwani, ili tujuane na tuwe taifa moja. Barua ya kuitwa shuleni ilitaja vitu vya kuja navyo: shuka mbili, blanketi, ndoo, sahani, kikombe, kijiko, jembe na fyekeo. Haikusema mtu afanye nini baada ya taa za bweni kuzimwa. Wenzangu wa miaka ile wanakumbuka kwamba katika wiki ya kwanza kila kitanda kilikuwa na mafua, na hakuna aliyemwuliza jirani yake mafua hayo yametoka wapi. Asubuhi tuliamka tukashika majembe kama kwamba hakuna lililotokea.

Hali hii ya kukumbuka nyumbani haikuanzia katika bweni letu. Mwaka 1688, huko Basel katika nchi ya Uswisi, mwanafunzi mmoja wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliandika tasnifu nzima juu yake. Aliutungia ugonjwa huo jina kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu. Miongoni mwa habari alizozieleza ni ya kijana mmoja wa Bern aliyekuwa akisoma Basel, akadhoofika hata watu wakamkatia tamaa, naye akaanza kupata nafuu mara alipotiwa njiani kurudishwa kwao. Kutoka Basel hadi Bern ni kilomita mia moja hivi. Nawatajia umbali huo ili muone kwamba ugonjwa huu haupimwi kwa maili. Mtu anaweza kuupata ng'ambo ya mto, na mwingine akaenda hadi upande wa pili wa dunia akalala vizuri. Kwa hiyo, kijana wangu, usione haya ukikupata, wala usidhani kwamba wenzako hawanao.

Sasa nije kwenye safari yenyewe. Mpango wa Wafanyakazi wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa uliundwa na Baraza Kuu mwezi Desemba 1970, na tangu mwaka 1996 makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani. Watu wengi hapa nyumbani hudhani kwamba anayejitolea lazima awe Mzungu anayekuja kwetu. Sivyo. Fundi wa Tanzania, mwalimu wa Ufilipino na mkunga wa Nepal huenda vilevile, kwa posho ya kujikimu, na hukutana katika vijiji ambavyo hawakuwahi kuvisikia. Mimi nilipangiwa wilaya ya Baucau, upande wa Quelicai, chini ya mlima Matebian. Jina la mlima huo kwa lugha yao lina maana ya roho za marehemu. Kazi ilikuwa kutengeneza mabomba ya kuleta maji ya chemchemi vijijini. Niliondoka mwaka 2001, nikiwa na umri wa miaka 37, mke na watoto wawili.

Tiketi iliniruhusu kilo 20. Tulimwaga kila kitu kitandani, mke wangu akachukua mizani ya dukani kwa jirani, tukaanza. Viatu vya kazi, nguo, koleo na spana zangu, dawa, miwani ya akiba, hivyo havikuwa na mjadala. Vikachukua kilo 14. Ubishi ulikuwa juu ya kilo 6 zilizobaki. Mimi nilitaka unga wa sembe, dagaa na maharage. Mke wangu alisema, "Baba Asha, kilo sita za chakula utazila kwa muda gani? Halafu?" Hilo "halafu" lake sikuwa na jibu lake. Mwisho wa yote mkobani mlikuwa na mwiko wa kusongea ugali, pakiti mbili za majani ya chai, mbegu kidogo za mchicha, doti nne za khanga alizozichagua yeye mwenyewe, na bahasha ya picha. Binti yangu mdogo, aliyekuwa na miaka mitano, alikanyaga karatasi ya daftari, dada yake akamchora unyayo kwa kalamu ya risasi, ili nimnunulie viatu. Karatasi hiyo nayo ikatiwa kwenye bahasha. Haikuwa na uzito wowote.

Vijana, sikilizeni jambo moja la sheria kabla sijaendelea. Njia yangu ilipita Johannesburg, Perth na Darwin, maana yake nilipita Australia, na nchi ile ina karantini kali sana juu ya vyakula, mbegu na vitu vya mbao kwa sababu ya kulinda kilimo chao. Abiria hujaza kadi, na kila alichonacho cha namna hiyo lazima akitaje. Nilitaja vyote. Ofisa akautazama mwiko pande zote kama ana tundu la mdudu, akauliza unafanya kazi gani, nikamwonyesha kwa mikono. Akacheka, akanirudishia. Chai iliyofungwa kiwandani ikapita. Mbegu za mchicha zikabaki hapo. Tukaagana kwa amani. Anayeficha hupoteza vitu vyake na hulipa faini juu yake, na mwanzo wa aibu si mwanzo mzuri wa kazi ya kujitolea.

Nilifika Quelicai usiku, kwenye baridi ya milimani ambayo sikuitegemea katika nchi ya kisiwa. Miezi miwili ya kwanza, ndugu zangu, nilirudi Kidato cha Kwanza. Mchana kazi ilinisahaulisha. Ikifika jioni, moshi wa jikoni unapopanda na akina mama wanapoita watoto wao kwa lugha nisiyoijua, nilitamani hata kelele za stendi ya Muheza na wauza machungwa wake. Nilikuwa na redio ndogo ya masafa mafupi. Niliizungusha kila usiku nikitafuta Kiswahili, nikaambulia miluzi.

Nilikuwa na mwenzangu katika kazi, mtu wa nchi nyingine ambayo sitaitaja, mwema na fundi hodari kuniliko. Yeye aliletewa sanduku zima la vyakula vya kwao, makopo na pakiti. Kila jioni alifunga mlango, akafungua kopo, akala peke yake akitazama picha za kwao ukutani. Chumba chake kilikuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Sanduku likapungua, naye akawa anayahesabu makopo kama mfungwa anayehesabu siku. Mwezi wa tatu makopo yakaisha. Mwezi wa nne akaomba kurudi kwao. Simlaumu hata kidogo, maana mimi pia ningekuwa na sembe ningefunga mlango nikale sembe yangu. Niliokolewa na ule mwiko tu, kwa sababu mwiko bila unga haufai kitu, na unga sikuwa nao.

Ikabidi nitoke nje nikautafute. Wenyeji wa milima ile hulima mahindi, huyaita *batar*. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa makamo, ambaye kwa heshima nilimwita Tia, kama wenyeji wanavyomwita shangazi, naye akaniita Maun, yaani kaka. Nilimwendea na mwiko mkononi, maneno kumi ya Kitetum kinywani, nikamweleza kwamba nataka mahindi yaliyotwangwa laini. Akaniletea kinu na mchi. Kinu na mchi, ndugu zangu! Nilimpokea mchi nikatwanga, wanawake wa mtaa mzima wakaja kumtazama mwanamume mgeni anayetwanga. Siku ile nilisonga ugali mbele ya watu ishirini. Walionja, wakasema kwa adabu kwamba ni chakula kizito. Kisha Tia akaniletea sahani yake: mahindi yaliyochemshwa pamoja na kunde ndogo za kijani na maboga. Wao wanakiita *batar da'an*. Kijana yeyote aliyelala katika mabweni haya angekitambua kwa macho yaliyofumbwa. Yalikuwa ni makande, ndugu zangu, na yana afadhali kuliko ya hapa shuleni, Mkuu wa Shule anisamehe. Na majani ya muhogo wanayala vilevile, ingawa jina la kisamvu hawalijui.

Hapo ndipo nilipoelewa neno la mke wangu. Chakula cha kwetu kilikuwa kimekwisha kufika huko kabla yangu. Kilichokosekana ni mlango wa kukifikia, na mlango huo ulikuwa kipande cha mti cha shilingi chache.

Baada ya hapo nikaanza kuona mengine. Wareno walifika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 15, na pwani yao katika karne ya 16. Kwetu walipiga Kilwa mwaka 1505, wakajenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakafukuzwa humo mwaka 1698. Timor walikaa hadi mwaka 1975. Kwa hiyo Mtimor naye anakula mezani na kukiita kitu hicho meza, anapandisha *bandeira* kama sisi tunavyopandisha bendera, na kitambaa cha mkononi anakiita *lensu*, ambacho ni ndugu wa leso yetu. Nilikuwa nikiyakusanya maneno hayo kama mtoto anavyookota kokwa za korosho.

Na kuna hili la saa, ambalo wanafunzi wa jiografia walifikirie. Timor iko mbele yetu kwa saa sita kamili. Sisi Waswahili nasi tunahesabu saa kwa tofauti ya sita na vile zinavyosomwa Kizungu. Basi nikitazama saa yangu ya mkononi iliyowekwa kwa majira ya huko, mshale mfupi ukiwa kwenye moja, wenyeji wanasema ni moja ya mchana, na kwetu Muheza wakati huo huo ni saa moja asubuhi, watoto wanakwenda shule. Mshale ukiwa kwenye saba jioni, nyumbani ni saa saba mchana. Nilikuwa nimeivaa saa ya nyumbani mkononi pasipo kuigeuza. Sikuifunga kwenye begi wala haikupimwa kwenye mizani.

Nirudi kwa zile khanga. Mke wangu alichagua doti moja yenye maneno "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nilimpa Tia doti hiyo kwa ajili ya unga wake. Akauliza yameandikwa nini. Kitetum changu kilikuwa cha kuokoteza, nikamwambia: mgeni akija, mwenye nyumba anapata nafuu. Alinyamaza muda mrefu, akiipitisha khanga vidoleni. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Maun, ulipotoka kwenu ulikuwa na muda wa kufunga vitu vyako?" Nikamwambia ndiyo, wiki nzima. Akasema, "Vizuri."

Ni baadaye tu, siku nyingine, ndipo alinieleza. Tarehe 30 Agosti 1999 watu wa Timor ya Mashariki walipiga kura, na karibu watu 80 katika kila 100 walichagua kujitawala. Matokeo yakatangazwa tarehe 4 Septemba. Kisha wanamgambo waliopinga kura ile, wakiungwa mkono na askari, wakachoma nchi. Watu wapata robo milioni wakajikuta Timor ya Magharibi, wengi wao kwa kulazimishwa, na wengine wakakimbilia milimani. Tia alikuwa akiishi Dili. Alitoka nyumbani na mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Nilimwuliza kwa nini sufuria. Akasema: "Wali ulikuwa haujaiva." Hakuwa amechagua kitu. Alikuwa jikoni, wakaja, akatoka na alichokuwa amekishika. Nyumba ikachomwa na kila kilichokuwamo, pamoja na *tais* za mama yake, vile vitambaa ambavyo wanawake wa huko huvifuma kwa mkono na kuvirithishana. Akatembea hadi kijiji cha mama yake, chini ya Matebian, na huko ndiko nilikomkuta.

Ndugu Mwenyekiti, niliona uchungu wangu wa kumkumbuka mke na watoto ukijipanga mahali pake. Haukuisha. Lakini mimi nilikuwa na nyumba ya kuikumbuka, imesimama, bati lake halijaguswa, na tiketi ya kurudi. Nilikuwa mgeni kwa Tia, naye alikuwa amepoteza nyumba katika nchi yake mwenyewe. Tangu siku ile sikupenda tena kuzungumza juu ya upweke wangu kabla sijamsikiliza mtu wa wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Mei 2002 nchi ile ilipata uhuru. Sherehe kubwa ilikuwa Tasitolu, nje ya mji wa Dili. Sisi tulibaki kijijini, tukasherehekea kwa moto na ngoma. Marehemu baba yangu alikuwa akituhadithia usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, jinsi taa zilivyozimwa na bendera ya Tanganyika ikapanda. Niliwasimulia wenyeji hadithi hiyo kwa Kitetum kibovu, na wazee wakanitaka niirudie. Hadithi nayo ni mzigo, na haina kilo.

Miezi mitatu baadaye, baba yangu alifariki dunia. Habari zilinifikia siku ya tano, kwa redio ya gari, kutoka mjini. Alikuwa amekwisha kuzikwa. Hata ningeondoka saa ile ningekuta watu wanaondoa matanga. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu, sikujua la kufanya, maana msiba kwetu ni kazi ya watu, na mimi nilikuwa mtu mmoja.

Sikukaa peke yangu muda mrefu. Zile picha tano za kwenye bahasha nilikuwa nimeshazionyesha kijijini tangu mwezi wa pili, nikamtaja kila mtu kwa jina: huyu mke wangu, huyu Asha, huyu mdogo mwenye unyayo wa karatasi, huyu baba, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge, anapenda ubishi. Kwa hiyo walipokuja jioni ile, walikuja kumlilia mtu waliyemjua sura. Mzee mmoja alisema, "Yule mwenye kofia." Ndiyo, yule mwenye kofia. Tia alikuja amevaa nguo nyeusi. Alichukua picha ya baba akaisimamisha juu ya meza, akawasha mshumaa, na chini yake akatandika kipande kimoja cha ile khanga niliyompa. Mnajua doti ni vipande viwili vilivyoshikana. Alikuwa amevikata. "Kimoja chako, kimoja changu," akasema. "Mwenyeji na mgeni." Walikaa nami usiku tatu. Wao wana sherehe wanayoiita *kore metan*, ya kuvua nguo nyeusi mwaka mmoja baada ya kifo. Nilikuwa bado niko huko mwaka ulipotimia, wakanifanyia. Nilivuliwa matanga ya baba yangu na watu wa Quelicai, na hakuna mzee wa Muheza ambaye angekuwa na la kulaumu.

Sasa kijana wa Kidato cha Sita, na wenzako, kama mna kalamu andikeni. Nisiwachoshe, nitataja mambo sita.

Kwanza, fungeni kifaa kabla ya chakula. Chakula huisha, na kikiwepo hukufungia ndani. Mwiko, mbuzi ya kukunia nazi kama una nafasi, bao na kete zake, filimbi, sindano na uzi: vitu ambavyo haviwezi kutumika mpaka uende kwa jirani kutafuta kilichopungua. Nimekipima kila nilichobeba kwa kipimo hiki, nikaona kwamba vile nilivyovitumia peke yangu viliniongezea hamu ya nyumbani, na vile nilivyovitumia na watu viliipunguza.

Pili, chukueni zawadi za kwetu, nyepesi na zisizovunjika, zaidi ya moja. Mkono mtupu haulambwi. Khanga ni nzuri kwa sababu ina maneno, na mtu akiuliza maana ya maneno, mazungumzo yameanza.

Tatu, picha chache, za karatasi. Najua mna picha elfu katika simu. Simu huisha moto, huibiwa, hufa kwa maji. Na picha ya karatasi mzee anaweza kuishika mkononi akauliza maswali. Wajulisheni wenyeji watu wenu mapema, siku za furaha, ili siku ya msiba wasiwe wageni.

Nne, chukueni kitu kinachoendelea. Binti yangu aliniletea unyayo mpya katika kila barua. Barua zilichukua majuma mengi njiani, na kila moja ilinikuta mguu umekwisha kukua tena. Nilizipanga karatasi ukutani, moja juu ya nyingine, nikamwona mtoto akikua kwa milimita. Nilipopita Darwin nikirudi, mwaka 2003, nilinunua viatu kwa karatasi ya mwisho, nikaongeza ukubwa namba moja. Vilimwenea.

Tano, acheni nafasi. Anayeondoka na begi lililojaa hadi zipu haliwezi kufungwa hana mahali pa kutia atakachopewa. Na mtapewa. Mimi nilirudi na *tais* mbili, mbegu sikuthubutu, na mapishi matatu ambayo mke wangu ameyafanya kuwa yake.

Sita, na hili ni la wakati wenu zaidi kuliko wangu. Leo mtu akiwa mahali penye mtandao anamwona mama yake kila jioni kwenye simu. Ni neema kubwa, nami ningetoa mshahara wa mwezi kwa dakika tano za namna hiyo usiku ule wa redio ya gari. Ila msiende kuishi ndani ya simu. Zungumzeni na nyumbani, muage, kisha mtoke nje kabla moshi wa jikoni haujapungua, kwa kuwa saa ile ndiyo watu wanakaa barazani, na ndiyo saa ile ile upweke unapobisha hodi. Ukute hupo.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huuchukua usemi huu kuwa ni wa kumkemea mgeni asiwe mzigo. Mimi naomba wanafunzi muusikie upya. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia kwamba hesabu ya wageni imeisha, sasa anahesabiwa pamoja na wa nyumbani. Kwa hiyo mkifika ng'ambo msingoje kupewa. Ulizeni liko wapi.

Jambo la mwisho ni ombi kwa Mkuu wa Shule na walimu wa mabweni. Mwezi Kidato cha Kwanza watakapofika, nimeahidi kuleta mabao kumi na mawili na kete zake, bao moja kwa kila chumba cha bweni lao. Ombi langu ni kwamba yasifungiwe kabatini yakasubiri wageni wa ukaguzi. Yawekwe nje, karibu na bomba la maji, jioni, kabla ya kengele ya kujisomea. Na ninyi wa Kidato cha Sita, kaeni nao mchezo mmoja, muwaulize wanatoka wapi, na huko kwao hucheza bao la namna gani.

Sasa twendeni tukale.